Mikhail Tsvet, mwalimu wa mimea aliyefungua njia ya kupima mafuta ya kujikinga na jua

Mtu mwenye ualbino anayenunua mafuta ya kujikinga na jua mjini Goma, Bukavu ao Bunia, anatoa pesa yake juu ya maneno ya etiketi. Etiketi inasema ndani mna avobenzoni, mna oktokrileni, wakati mwingine na asilimia yake. Kwa macho krem zote ni nyeupe. Ile yenye dawa na ile isiyo na dawa zinafanana, zinaweza kunukia sawa na kupakwa sawa. Lakini kwa mtu ambaye ngozi yake haina rangi ya kuikinga, tofauti kati ya hizo mbili inaweza kuwa vidonda leo, na kansa ya ngozi kisha miaka.

Njia ya kujua ukweli iko. Krem inapelekwa labo, inayeyushwa, inasukumwa ndani ya mrija mwembamba uliojaa unga, na kila dawa iliyochanganywa ndani inatoka peke yake, kwa wakati wake. Njia hiyo inaitwa kromatografia ya majimaji. Mtu aliyeanzisha kromatografia hakuwa anafikiria krem hata kidogo. Alikuwa mwalimu wa botaniki, yaani masomo ya mimea, na alikuwa anatafuta rangi zilizomo ndani ya majani. Alikufa mwaka 1919 akiwa na miaka 47, katika mji ambao alifika humo akikimbia vita, na wakubwa wa kemia wa wakati ule walikuwa bado hawajamuamini.

Jina lake ni Mikhail Semyonovich Tsvet. Katika Kirusi, neno tsvet maana yake ni rangi. Mtu angefikiri jina hilo alijipa mwenyewe kisha kazi yake, kumbe ni la baba yake.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1872 huko Asti, mji wa Italia. Baba yake, Semyon Tsvet, alikuwa Mrusi, mtumishi wa serikali. Mama yake, Maria de Dorozza, alikuwa na asili ya Kiitaliano. Wazazi walikuwa safarini, na mama alikufa muda mfupi kisha kuzaa. Baba alilazimika kurudi kazini Urusi, akamwacha mtoto Uswisi mikononi mwa mlezi. Mikhail akakulia Lausanne na Genève, akasoma kwa Kifaransa, na hakuishi katika inchi ya baba yake mpaka alipokuwa mtu mzima. Katika Chuo Kikuu cha Genève alisomea fizikia, kemia na botaniki, na mwaka 1896 akapata udaktari wa sayansi kwa kazi juu ya seli za mimea.

Mwaka huohuo alihamia Urusi, na hapo matata yakaanza. Diploma ya Genève haikuhesabiwa. Daktari wa sayansi, mwenye vyeti mkononi, aliambiwa kwamba kama anataka kufundisha chuo kikuu, aanze tena ngazi ya chini. Wengi waliosoma ng'ambo ya mpaka wanajua jambo hilo linavyouma. Tsvet alikaa Saint Petersburg akitafuta riziki kwa kufundisha hapa na pale, huku akiandika kazi nyingine upya. Chuo Kikuu cha Kazan kilimpa shahada ya Kirusi mwaka 1901. Miaka mitano ilikuwa imekwisha pita.

Halafu akaenda Warszawa, mji mkuu wa Polandi, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Chuo kikuu cha huko kilimchukua kama asistanti. Cheo kilikuwa kidogo, lakini sasa alikuwa na meza ya labo.

Swali lililokuwa linamsumbua lilionekana dogo. Ukitwanga majani mabichi na kuyaloweka katika mafuta mepesi yanayotokana na petroli, mafuta hayo yanavuta rangi ya manjano peke yake. Kijani kinabaki kwenye majani. Lakini ukiongeza alkoli kidogo tu, rangi zote zinatoka mara moja. Na ajabu yenyewe ni hii: zikishatoka, ukiondoa alkoli, zote zinakubali kukaa ndani ya yale mafuta mepesi. Basi kama kijani kinayeyuka vizuri katika mafuta, kwa nini hakikutoka tangu mwanzo?

Wengine walisema ni mambo ya kemia, labda alkoli inageuza rangi. Tsvet alishika njia nyingine. Alifikiri kwamba rangi zimeng'ang'ania nyama ya jani, zimejishika juu yake kama vumbi linavyojishika kwenye nguo yenye maji, na kazi ya alkoli ni kuzibandua tu. Kusudi ahakikishe, alichukua karatasi ya kuchujia, ambayo haina uhai wowote, akailowesha rangi za majani na kuiacha ikauke. Kisha akairudisha kwenye mafuta mepesi. Karatasi ikafanya sawasawa na jani: manjano ikatoka, kijani kikabaki, alkoli ikaja kukibandua. Kumbe jani halikuwa na siri yoyote hapo.

Kutoka hapo aliuliza swali la pili, na hilo ndilo lililomfanya akumbukwe. Kama rangi moja inang'ang'ania kwa nguvu na nyingine kwa ulegevu, je, mtu hawezi kuitumia tofauti hiyo kuzitenganisha? Alijaribu unga wa kila aina, zaidi ya aina 100, mmoja baada ya mwingine. Aliyoipenda zaidi ni kalsiamu kaboneti, unga mweupe ulio ndugu na chaki ya kuandikia ubaoni.

Alijaza unga huo ndani ya mrija mwembamba wa kioo, akaushindilia vizuri. Juu yake akamwaga maji ya kijani yaliyotoka kwenye majani. Halafu akaendelea kumwaga kimiminiko safi, pole pole, ili kisukume rangi kwenda chini. Kile kijani kimoja kikaanza kujigawa mbele ya macho yake. Manjano ya karotini ilishuka haraka na kutangulia. Nyuma yake zikabaki mistari mingine ya manjano, ile inayoitwa zanthofili. Juu zaidi kukatokea kijani mbili tofauti, moja inayoelekea buluu na nyingine inayoelekea manjano. Pete juu ya pete, kila moja mahali pake.

Kwa mtu ambaye hajaona labo, fikiria watu wanaotoka pamoja soko la Kadutu, saa moja, njia moja. Huyu ana marafiki kila kibanda, anasimama, anasalimia, anauliza habari za watoto. Yule hajui mtu, anakwenda moja kwa moja. Walianza pamoja, lakini kisha nusu saa wameachana mbali sana. Hakuna aliyewatenganisha kwa nguvu. Unga ndio vibanda, kimiminiko ndicho njia.

Rangi zikishaachana, Tsvet alikuwa anasukuma ule unga wote kutoka ndani ya mrija, unatoka kama mkate mrefu, na anaukata kwa kisu. Kila kipande chenye rangi yake anakiweka ndani ya alkoli, rangi inabanduka, na anabaki na kitu kimoja safi ndani ya chupa. Vyombo vyake vilikuwa mrija, unga na kisu. Ni vigumu kufikiria kazi kubwa ya kemia iliyofanyika kwa vifaa vya bei ndogo hivyo.

Kwa mara ya kwanza alieleza mambo hayo mbele ya watu tarehe 21 Machi 1903, katika mkutano wa wataalamu wa viumbe mjini Warszawa. Hotuba ilikuwa kwa Kirusi na ikachapwa katika gazeti la chama cha pale pale. Nje ya Urusi karibu hakuna aliyeisoma. Mwaka 1906 aliandika makala mbili kwa Kijerumani, katika gazeti la chama cha botaniki cha Ujerumani, na humo ndimo alimoipa njia yake jina la kromatografia. Ni maneno mawili ya Kigiriki: rangi, na kuandika. Kwa kuwa tsvet pia ni rangi, wengi wamecheka tangu hapo kwamba mtu huyu alificha jina lake ndani ya kazi yake. Mwaka uliofuata alikwenda mwenyewe Berlin na mirija yake, akaionyesha mbele ya wale wataalamu.

Walioiona walikuwa watu wa botaniki. Lakini waliokuwa na neno la mwisho juu ya rangi za majani walikuwa watu wa kemia, na kwa wale Tsvet alikuwa mgeni aliyeingia shamba lisilo lake. Leon Marchlewski, mkemia Mpolandi, alibishana naye waziwazi katika magazeti ya sayansi, na Tsvet hakuwa mtu wa kunyamaza, alijibu kwa maneno makali. Mzito zaidi alikuwa Richard Willstätter wa Ujerumani. Willstätter alikuwa anafanya kazi kwa majani mengi sana, na kwake kitu kinahesabika kama kimepatikana kwa wingi, kikapimwa, kikaonekana safi. Vipande vya rangi vya Tsvet vilikuwa vidogo mno. Tena, walipojaribu njia yake, walitumia unga mkali ambao Tsvet alikuwa amekwisha onya kwamba unaharibu klorofili. Klorofili ikaharibika kweli. Wakasema: mrija wa Tsvet unabadilisha kitu unachotaka kupima.

Shutuma hiyo haikuwa ya kijinga. Kipimo kinachoharibu kitu kinachopimwa hakina faida, na hata leo ndilo swali la kwanza la kila labo. Lakini kosa lilikuwa la unga waliouchagua, halikuwa la njia. Tsvet alikuwa ameshikilia kwamba klorofili ni mbili, jambo ambalo wengine walikuwa wamelidokeza mbele yake, na Willstätter mwenyewe, kwa njia yake ndefu ya kemia, alikuja kuthibitisha kwamba ni mbili kweli. Mwaka 1915 Willstätter alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi yake juu ya rangi za mimea. Alistahili. Ila mrija wa kioo ukabaki kando.

Katikati ya mabishano hayo Tsvet hakukaa bure. Mwaka 1907 alimuoa Helena Trusiewicz. Alifundisha chuo cha waganga wa wanyama, kisha kile cha ufundi, vyote Warszawa. Mwaka 1910 alitoa kitabu kikubwa juu ya rangi za mimea na wanyama, ambamo alieleza njia yake yote, na kwa kitabu hicho alipata udaktari wa Kirusi, mara ya pili katika maisha yake kuitwa daktari. Akademia ya Sayansi ya Saint Petersburg ilimpa zawadi mwaka 1911. Lakini kitabu kilikuwa kwa Kirusi, na wakemia wa Ujerumani, Uingereza na Ufaransa hawakusoma Kirusi.

Halafu vita. Mwaka 1915 jeshi la Ujerumani lilikaribia Warszawa, na chuo chake kikahamishwa, walimu na wanafunzi, kwanza Moscow, kisha mwaka 1916 Nizhny Novgorod. Mwaka 1917 alipata kile alichokitafuta miaka 20: uprofesa kamili, katika Chuo Kikuu cha Yuryev, mji unaoitwa leo Tartu, inchini Estonia. Hakukaa huko hata mwaka mmoja kwa amani. Wajerumani walifika mwanzoni mwa 1918, na chuo cha Kirusi kikafunga tena virago, safari hii kwenda Voronezh, kusini mwa Moscow. Urusi ilikuwa ndani ya mapinduzi, vita ya wenyewe kwa wenyewe na njaa. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Alikufa Voronezh tarehe 26 Juni 1919.

Mwaka mmoja mbele ya kifo chake, mwalimu mmoja wa Groningen, Uholanzi, Cornelis van Wisselingh, alikuwa amependekeza jina lake kwa zawadi ya Nobel ya kemia. Hakupewa. Jiwe la kumkumbuka lilisimamishwa Voronezh mwaka 1992.

Kisha kifo chake njia hiyo ililala. Watu wachache waliitumia, kama Leroy Palmer huko Marekani na Charles Dhéré huko Uswisi, lakini kwa wengi ilikuwa imekwisha hukumiwa. Aliyeiamsha alikuwa kijana Edgar Lederer, aliyefika Heidelberg kufanya kazi na Richard Kuhn. Willstätter alikuwa na tafsiri ya Kijerumani ya kile kitabu cha 1910, na tafsiri hiyo ikafika mikononi mwa kundi la Kuhn. Mtu aliyekuwa amekataa njia ndiye aliyekuwa amehifadhi maelezo yake. Mwaka 1931 Kuhn, Winterstein na Lederer walifuata maagizo ya Tsvet, wakachukua karotini ambayo kila mkemia aliihesabu kuwa kitu kimoja, na wakaonyesha kwamba mna zaidi ya moja ndani yake. Ndiyo rangi hiyo inayofanya mafuta ya mawese kuwa mekundu. Kuhn alipata Nobel mwaka 1938. Mwaka 1952 Waingereza wawili, Archer Martin na Richard Synge, walipewa yao kwa aina mpya ya kromatografia.

Kutoka mrija wa Tsvet kwenda kwenye mashine inayopima krem palibaki hatua mbili. Ya kwanza ni mwendo. Kimiminiko cha Tsvet kilishuka pole pole. Katika miaka ya 1960, wataalamu kama Csaba Horváth katika Chuo Kikuu cha Yale walianza kukisukuma kwa pampu yenye nguvu. Sasa mrija ni wa chuma, urefu kama sentimita 15 ao 25, tundu lake halifiki nusu sentimita, na chembe za unga wa silika ndani yake zina upana wa elfu tano za milimita... yaani milimita moja ukiigawa mara 200, hicho kipande kimoja. Kusukuma kimiminiko ndani ya unga laini hivyo kunahitaji nguvu inayoweza kupita mara 100 ile ya upepo ndani ya tairi la gari.

Ya pili ni macho. Tsvet aliona pete zake kwa sababu zilikuwa na rangi. Dawa za kujikinga na jua hazionekani hivyo, zikiyeyuka ni kama maji. Lakini kazi yake ya kuzuia miale mikali ya jua ndiyo inayozitoa mafichoni. Mwisho wa mrija kuna taa inayotoa miale hiyo hiyo isiyoonekana, na upande wa pili kuna chombo cha kuihesabu. Avobenzoni ikipita mbele ya taa, inameza miale. Chombo kinaona giza limepita, na kwenye skrini kunachorwa mlima. Kila dawa ina saa yake ya kutoka. Ukubwa wa mlima ndio kiasi chake, ukilinganishwa na mlima wa dawa safi ambayo kipimo chake kinajulikana.

Basi mpimaji anapima krem kidogo sana kwenye mizani, anaiyeyusha ndani ya methanoli, anaitikisa mpaka dawa yote itoke kwenye mafuta, anaichuja na kuingiza tone dogo. Mara nyingi majibu yanatoka kabla ya nusu saa. Kwa hayo, serikali inaweza kulinganisha na sheria: avobenzoni, kwa mfano, haipaswi kupita asilimia 5 Ulaya na asilimia 3 Marekani, kwa sababu kuzidisha nako kuna hatari. Mashine hiyo hiyo inatafuta hidrokinoni ndani ya krem za kujichubua, dawa ambayo Ulaya imeikataza katika krem za namna hiyo.

Kuna mambo ambayo mrija huu hausemi. Ile namba kubwa ya kinga iliyoandikwa mbele ya chupa haipimwi hapa. Hiyo inajaribiwa juu ya ngozi ya watu. Na krem zinazokinga kwa unga wa madini, kama oksidi ya zinki ao titani dioksidi, zinahitaji chombo kingine, kwa sababu madini hayo hayayeyuki katika methanoli na yanabaki kwenye chujio. Kuhusu avobenzoni, wapimaji wanaiweka ndani ya chupa za kahawia wakati wote wa kazi. Ikikaa kwenye mwangaza bila dawa ya kuitegemeza, jua lenyewe linaivunja, na mlima kwenye skrini unatoka mdogo kuliko ulivyopaswa kuwa.